Madirisha ya Ardis

Verlin Haugstad alifanya kazi katika kiwanda cha karatasi hapa mjini kwetu Cloquet miaka thelathini na minne. Kila Novemba mkewe Ardis alibandika nailoni kwenye madirisha, akasokomeza matambara kwenye nyufa, na kila Novemba akamwambia, "Verlin, mwakani tuweke mapya."

"Vaa sweta," Verlin alijibu. Mkono wake ulikuwa mgumu.

Mwaka mmoja serikali ilikuwa ikimpunguzia kodi mtu aliyeweka madirisha ya kuzuia baridi. Ardis alikata tangazo gazetini, akalibandika kwenye friji, na Verlin akaishiwa ubishi. Mafundi walikuja Agosti. Ardis akafariki Oktoba, theluji haijaanguka hata mara moja.

Mimi ni jirani yao, na kutoka jikoni kwangu nilikuwa nikimwona Verlin amekaa na fulana tu katikati ya Januari.

"Nyumba ina joto," aliniambia siku moja tukikwangua barafu kwenye magari. "Ila kwa madirisha haya sisikii kitu cha nje. Hata mbwa wako simsikii."

"Ungemsikia ungelalamika."

"Ningelalamika, ndiyo."

Februari alibeba risiti zake hadi maktaba, ambako Corinne Maki, mwalimu mstaafu, huwajazia watu fomu za kodi bila malipo. Corinne alizipitia, akamwambia nafuu ya madirisha ataipata yote, dola mia sita. Kisha akauliza, "Una mke?"

Verlin alitazama kofia yake mapajani. "Alifariki Oktoba."

"Pole, Verlin. Sikujua." Akageuza ukurasa wa fomu. "Basi kwa mwaka uliopita bado mnajaza pamoja. Sheria inaruhusu."

"Na mwakani?"

"Mwakani utajaza peke yako."

Verlin akatia sahihi yake. Kwenye mstari wa Ardis, Corinne alimwonyesha la kuandika: kwamba anajaza kama mume aliyebaki. Verlin aliandika polepole, kwa herufi kubwa, akauliza kama kuna kingine kinachohitajika.

"Hakuna. Umemaliza."

Aliyenisimulia hayo ni Corinne mwenyewe. Anasema Alhamisi iliyofuata Verlin alirudi, akapanga foleni nyuma ya watu sita, akamwekea mezani bili ya umeme ya mwezi uliopita.

"Nilidhani labda utaihitaji."

Haikuhitajika. Corinne alivaa miwani, akamvutia Verlin kiti, akaanza kuisoma mstari kwa mstari.