Jiwe Jeusi la Jikoni kwa Kalenga

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, naikumbuka kwa harufu ya rangi ya viatu. Ilikuwa Jumamosi, zama zile tulipoitana sitoyeni, yaani raia, na kukiimbia chama tawala kabla ya kuanza kazi. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nikilala bure kwa kaka yangu Kalenga, mtaa wa Golf, nikila sana na kueleza mambo ambayo hakuna aliyeniuliza.

Kaka alikuwa karani mkubwa katika ofisi za migodi ya shaba, na nyumba aliyopewa ilikuwa na jiko refu lenye meza ya mbao iliyoliwa na mchwa. Mkewe, Mwansa, alikuwa na mimba ya kwanza. Alitaka kitu kimoja tu: mama yake atoke Kilwa, ile ya kwetu kando ya ziwa, akae naye mpaka ajifungue. Lakini kwao kulikuwa na desturi. Siku hizi mama mkwe, mabukwe kama tunavyomwita, anafika na sanduku na kuuliza chumba chake kiko wapi. Enzi zile hakula wala kulala kwa mkwewe mpaka mkwe mwenyewe ampikie kuku, amwingize jikoni, naye ale palepale mbele ya watu. Akila, nyumba ni yake. Asipokula, anarudi alikotoka.

Kaka akaona meza ya mchwa itamwaibisha. Akamwita Papa Ramazani, fundi mawe, mtu wa ukoo wa Maniema, aweke graniti nyeusi. Jiwe likawekwa, likang'aa, nasi tukalisogelea kulitazama vizuri. Katikati palikuwa na mstari wa maungio, mweupe, unaoonekana tangu mlangoni. Ukingoni kulikuwa na mapengo, kana kwamba mtu amelitafuna.

“Papa Ramazani, ni nini hii?” kaka akafoka.

“Patron, mi nakataka mawe ya makaburi,” fundi akajibu bila haraka. “Jikoni yako iko murefu kupita mufu. Kipande kimoja hakienee. Na bale bafu ba makaburini habajasemaka kitu.”

Nilicheka. Kaka hakucheka.

“Uniachie wiki moja,” fundi akaendelea, sasa bila mzaha. “Nitasugua ukingo yote, mapengo itaisha. Maungio nitaijaza na dawa yake, haitaonekana sana. Itaonekana kidogo. Jiwe iko jiwe.”

“Mabukwe anafika kesho.”

“Basi umuonyeshe vile iko. Umuambie fundi hajamaliza. Unitukane mie, nimezoea.”

Kaka hakutaka kuonyesha kitu ambacho hakijakamilika. Alimtoa fundi nje, akafunga mlango, akayeyusha mishumaa na kuichanganya na rangi nyeusi ya viatu, kisha akaziba kila pengo na mstari wote wa maungio. Mwansa alikuwa amelala. Mimi nilishika taa na kutoa maoni kuhusu uzuri na ukweli, mada niliyokuwa nimefaulu kwa shida. Tulipomaliza, jiwe lilikuwa moja, laini kama maji yaliyotulia. Lilitudanganya hata sisi.

Kesho yake mama mkwe akafika na dada yake, wamevaa vitenge vipya, wakinuka samaki na vumbi la barabara. Mwansa alilia kwa furaha, akakatazwa kulia. Kaka akapika kuku, akasonga bukari, ugali wetu, mwenyewe huku akitokwa jasho, akaitua sufuria ya moto katikati ya jiwe. Akamwongoza mama kwa heshima. Mama akanawa, akaegemeza kiganja ukingoni ili amege tonge la kwanza.

Kiganja kikatoka cheusi. Chini ya sufuria, nta ilikuwa imeanza kutiririka.

“Ni nini hii, mukwe?”

“Ni vumbi tu, mama. Jiwe jipya linatoaka vile.”

Mama akanusa kiganja chake. Akamnusisha dada yake. Bukari ikawa inapoa.

“Iko rangi ya viatu,” mama alisema. “Mukwe wangu, kama ulinionyesha tu jiwe iko na mapengo, tungecheka. Mie kinywa yangu yote iko mapengo, na bwana alinioaka. Sasa umenificha jiwe. Kesho utanificha nini? Mutoto wangu akiwa mugonjwa, utanipakalia rangi pia?”

“Mama, kula basi, nakuomba,” Mwansa akasema.

Mama akamgeukia binti yake: “Mutoto wangu, mukono haipande tena ku kinywa. Mvua iko mbali bado. Bwana yako ataniita mara ingine, nitakuya.”

Aliondoka bila kula. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililotuumiza. Mvua zikaja mapema, barabara ya Kilwa ikakatika, na hapakuwa na mara nyingine. Mwansa alijifungua kati ya watu asiowajua, na mtoto hakulia. Hakuna daktari aliyesema kwamba mkono wa bibi ungebadilisha lolote. Mwansa naye hakusema. Aliishi na kaka miaka mingi, akampikia nje juu ya mbabula, lile jiko la makaa, masika na kiangazi, na tangu siku ile sikumsikia akimwita kwa jina.

Papa Ramazani alirudi na vifaa vyake, kama alivyoahidi. Alisugua ukingo, mapengo yakaisha, maungio yakafifia. Kazi nzuri sana. Hakuna aliyeingia kuitazama.

Mwanangu, sikuandikii haya ili ujue kuchagua mawe. Kitu kipya kikikufikia na kasoro, mwambie fundi siku ileile, kwa upole, angali na vifaa mkononi, kisha mpe muda anaouomba. Mgeni akifika kabla kazi haijaisha, mpeleke wewe mwenyewe mpaka kwenye ufa, uweke kidole chako hapo, useme: hapa bado. Usimwache agundue kwa kiganja chake. Watu wanaokupenda wataketi kando ya kasoro yako na kula. Kwenye uongo wako hawawezi kuketi, hata wakitaka, na wengine hawatapata siku ya pili ya kujaribu.

Mungu akupe nyumba yenye mlango ulio wazi, na wazee wanaokula humo mpaka washibe. Akupe ulimi mwepesi kwa ukweli mdogo, ungali mdogo. Na watoto wako walie kwa sauti siku ya kuzaliwa, mikononi mwa watu wao.