Kamati Iliyokaa Korongoni

Sogeza kigoda, mwanangu. Kuna siku moja naikumbuka kila mawingu yanapoufunika mlima. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, kahawa imeshuka bei, vijana wenzangu wanakimbilia mpakani Holili kutafuta mitumba ya kuuza. Mimi nilishuka Kahe kulima mahindi ya kumwagilia, na kwa kuwa nilikuwa na suti, wanakijiji wakaniingiza kwenye kamati ya maafa. Suti ndiyo iliyochaguliwa, mimi nilikuwa ndani yake tu.

Wilaya ilitaka kila kijiji kiseme mafuriko yanaweza kupita wapi, watu wa hapo wahame mapema. Tukaanza kupita nyumba kwa nyumba. Loo! Nani anataka kuhama? Ukimuuliza Baba Sesi, ambaye nyumba yake iliegemea korongo kabisa, anakuonyesha kwa jirani. Ukienda kwa jirani, anakuonyesha kwa Baba Sesi. Kwa maneno yao, maji ya Kahe hayakuwahi kumwingilia mtu isipokuwa mbaya wake.

Jua likatuchosha. Mwenyekiti wetu, Mzee Kalisti, mtu mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya, akasema tukajadiliane korongoni penye ubaridi. Korongo lilikuwa kavu, mchanga mweupe, mikuyu imefunika juu. Tukaagiza mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa Mama Filomena, dada mkubwa wa mwenyekiti, aliyekuwa akiuza pale ukingoni.

Akatuteremshia, akarudi juu, akatuita. "Kalisti! Mlimani kumekuwa kweusi. Pandeni mnywee huku."

"Dada, hapa hakuna hata tone!" Kisha akatugeukia. "Ndugu wajumbe, korongo hili ni salama. Sisi wenyewe si tumekaa?"

Tukapiga makofi. Hayajaisha, tukasikia mngurumo kama wa lori lililokatika breki. Konani yakatokea maji ya udongo, yamebeba migomba mizima. Mwanangu, kikao kilivunjika bila kufungwa! Nilipanda ukingo kwa magoti, suti na yote. Nilipogeuka, Mzee Kalisti alikuwa bado chini, ameng'ang'ania mzizi wa mkuyu, maji yamemfika kifuani, na ile sauti ya kwaya imekuwa ya kifaranga.

Hapo hakuna aliyecheka. Mama Filomena alifungua kitenge chake, akamrushia ncha moja, nyingine tukaishika wote, tukavuta. Mzee akatoka hai. Suruali ilikwenda na maji.

Dada yake akamfunga kile kitenge kiunoni, akatutazama mmoja mmoja. "Mmetumwa kutafuta hatari," akasema polepole, "mkaifanya kiti."

Afadhali angetuchapa.

Kesho yake Mzee Kalisti akazunguka mwenyewe, anachechemea. Baba Sesi alipoanza tena kunyoosha kidole kwa jirani, mzee akamkatiza. "Mimi nilisema korongo ni salama, nikavuliwa suruali mbele ya dada yangu. Wewe unasubiri kuvuliwa nini?"

Baba Sesi akawatazama watoto wake waliokuwa wakicheza uani. Aliingia ndani, akaanza kutoa vitanda.

Masika yalipokuja, maji yalipita katikati ya ile nyumba, hayakuacha hata jiwe la jiko. Walikuwa wameshahama. Wale watoto leo ni watu wazima, na juzi stendi ya Bomang'ombe mmoja aliniamkia shikamoo, mtoto mgongoni. Nikaitika marahaba mara mbili.

Basi nakuusia, mwanangu. Maji hufuata mkondo, hata mkondo ukiwa mkavu tangu enzi za babu yako. Ukiuziwa kiwanja bondeni, uliza kwanza mvua ya mlimani hupita wapi, na usimuulize anayekiuza. Ukiulizwa hatari iko wapi, anza na kwako kabla ya kwa jirani. Ukiitwa upande juu, panda. Maswali utauliza ukishafika. Tahadhari kabla ya hatari, na anayehama mapema huchekwa akiwa hai, tena baadaye hucheka na yeye.

Ruwa, Mungu wa baba zetu, akujalie msingi usiotikisika na majirani wa kukuambia kweli, na wanao wazeeke wakikuzunguka.