Bukari Nyuma ya Mlango

Sauti ya mwiko ukigonga ukingo wa sufuria ndiyo iliyotangaza jioni kwetu Kampemba, jijini Lubumbashi. Ilianza uani kwa jirani, ikadakwa na nyumba ya pili, na kabla giza halijaingia mtaa mzima ulikuwa ukisonga bukari, ule ugali wetu wa unga wa mahindi na muhogo, moshi wa makaa ukitanda juu ya kuta. Msichana alipimwa hapo. Bukari ya wageni inataka mabega na kiuno, na shangazi zangu waliweza kukaa sebuleni, wakasikiliza mwiko tu, wakakuambia binti gani yuko tayari kuolewa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba na asubuhi sikuweza hata kufunga vifungo vya blauzi yangu. Tangu utotoni nilikuwa na baridi yabisi. Vifundo vya mikono vilivimba, magoti yalikataa kunyooka, na Juni na Julai, Lubumbashi inapokuwa na baridi kali, Mama alinivalisha kama mtoto mchanga. Watu walisema huo ni ugonjwa wa vikongwe. Niliona haya kuugua kitu cha vikongwe kabla hata sijawa mwanamke.

Basi wageni walipokuja, Mama alinivuta jikoni, akafunga mlango, akasonga mwenyewe. Nilikaa kwenye kigoda nikimtazama anavyotokwa na jasho kwa niaba yangu. Akimaliza, alinipa sahani nyepesi kuliko zote niitangulize mezani, akatangaza: "Ni mutoto mwenyewe amepika." Shangazi walimega, wakatafuna, wakacheka: "Bukari iko muzuri! Huyu tumutafutie bwana." Niliinamisha macho, nao wakadhani ni adabu. Mama alikuwa akilinda jina langu kwa njia aliyoijua.

Msimu huohuo wa baridi nilihamishwa kutoka kwa daktari wa watoto kwenda kwa daktari wa watu wazima. Kule nilikuwa nimezoea: kuta zilichorwa twiga, daktari alizungumza na Mama juu ya kichwa changu, na Mama alijua majina ya dawa zote. Mimi sikujua hata moja. Nilijua rangi tu. Kwa wakubwa hapakuwa na twiga. Palikuwa na benchi refu la wazee walioshika magoti yao, na bibi mmoja akaniuliza, kwa upole kabisa, "Umeleta nani?" Nilimwonyesha Mama kwa kidevu. Mama hakunikanusha.

Daktari mpya alikuwa mwanamke kijana mwenye koti la sufu juu ya nguo yake nyeupe. Alinigeukia mimi. "Asubui, nini inakushindaka?" Mama akawahi: "Hakuna, munganga. Anapikaka bukari ya bageni yeye mwenyewe." Nadhani alishazoea kusema hivyo mbele ya watu, na daktari naye kwake alikuwa mgeni. Daktari akafurahi. Mikono inayosonga bukari imepona, akasema, basi tupunguze dawa. Miaka ya nyuma, nilipopunguziwa mara ya kwanza, nilishindwa kushika kikombe, na kidole changu kimoja hakijanyooka tena hadi leo. Nilipaswa kusema, lakini kusema kulikuwa kumvua Mama nguo hadharani. Daktari akaniambia nifungue blauzi anipime. Vidole vyangu vilihangaika kwenye kifungo cha kwanza, vikateleza, vikarudi, na Mama, bila hata kufikiri, akainuka akaanza kunifungulia. Mikono yake ilipofika kifungo cha pili ikasimama. Sote watatu tuliitazama. Uso ulinichoma, na ndipo nikasema, "Bukari, ni mama anapikaka." Daktari aliiacha dawa ilivyokuwa. Mama alikaa, akafunga upya kitenge chake ambacho hakikuwa kimelegea.

Jioni hiyo shangazi wawili walikuja, na Mama akaingia jikoni kusonga. Nilinyoosha mkono kufunga mlango. "Acha," akasema. Akasonga mlango ukiwa wazi, shangazi wakimwona yeye kwenye sufuria na mimi kwenye kigoda. Hakuna aliyecheka wala aliyetaja bwana, nami nilitamani ardhi inimeze.

Siku hizi naenda hospitali peke yangu. Majina ya dawa zangu nayajua, na daktari akiniuliza kinachonishinda, namtajia chote bila kigugumizi. Nimeolewa, na kwangu bukari anasonga mume wangu, anapiga mluzi huku akisonga, hana habari na mtu. Watu wananisifu kwamba nimekomaa. Lakini Jumapili mama mkwe wangu akija akaketi sebuleni, na mwiko wa mwanawe ukianza kugonga sufuria, najikuta nimeshainuka, na kabla sijafikiri mikono yangu hii iliyopinda imeshafunga mlango.