Karani wa Dirisha la Tatu

Mtaani walimwita Mama Muhuri. Kwa miaka kumi na tisa alikaa dirisha la tatu la zahanati, akigonga muhuri kwenye kadi za matibabu za familia zisizo na uwezo. Kadi ikigongwa, mtu anatibiwa bure. Isipogongwa, anajijua mwenyewe.

Fungu la fedha za kadi hizo halikuwa na mwenyewe. Kila mwaka liliombwa upya, likajadiliwa, likapunguzwa, na miezi mitatu kabla ya mwaka wa fedha kwisha, barua ilikuja kutoka wizarani: simamisheni.

"Bajeti yetu kama homa ya msimu," mlinzi wa getini alipenda kusema. "Haikosei tarehe."

Mama Muhuri alicheka kwa adabu, akaufungia muhuri kabatini, kisha akaanza kuwarudisha watu, mmoja mmoja. Nao hawakuijua wizara. Waliijua sura yake. Mumewe alikwisha fariki, mtoto hakujaliwa, na sasa hata salamu za majirani zilianza kuadimika. Akipita, maongezi yalikatika.

Mwaka mmoja alikuja dada yake mkubwa na kadi ya mumewe, fundi viatu mwenye kisukari.

"Mdogo wangu, gonga tu. Nani atajua?"

"Dada, stoo haitoi dawa bila namba ya kibali cha wizara, na namba zimefungwa."

"Kumbe muhuri wako ni wa wengine, sisi hatumo."

Mama Muhuri alinunua chupa mbili za insulini kwa mshahara wake, lakini sindano za kila siku hazina likizo. Shemeji akaanza kujipunja, leo nusu, kesho hakuna. Kidonda cha unyayoni kikachacha, na mguu ukakatwa chini ya goti. Dada hakuja kugombana. Aliacha tu kuja, na hilo ndilo lililomchoma mdogo mtu. Ugomvi una mwisho wake, kimya hakina.

Tangu hapo akanunua daftari. Kila aliyemrudisha alimwandika: kazi yake, ugonjwa wake, na yaliyompata baadaye. Aliposikia redioni kwamba kamati ya bunge inapokea maoni ya wananchi, aliomba likizo, akasafiri peke yake, akakaa siku mbili kwenye benchi la korido hadi alipoitwa.

"Umetumwa na ofisi gani?" mwenyekiti aliuliza.

"Sijatumwa, mheshimiwa. Nimechoka."

Wakacheka. Akafungua daftari, akasoma. Mpishi wa shule, pumu. Mfua nguo, ujauzito wa pili. Kicheko kikafa chenyewe. Alipofika kwa fundi viatu, akanywa maji kwanza.

"Siombi mtuongezee," alisema. "Naomba fungu hili liwe ndani ya sheria, lisiombwe tena kila mwaka. Kodi ya sigara na pombe mnaikusanya. Sehemu yake iingie humo moja kwa moja. Mgonjwa hawezi kuahirisha kuumwa mpaka mjadala uishe."

Aliporudi alikuta barua ya onyo: amesema bila kibali. Wakamhamishia chumba cha majalada, nyuma kabisa, ambako hakuna anayebisha hodi.

Mjadala ulichukua miaka miwili, na sheria ikapita. Mwezi wa barua ulipofika, barua haikuja. Mama Muhuri alitoka akasimama mwisho wa korido. Foleni ya dirisha la tatu ilikuwa ikisogea. Karani mpya alikuwa akigonga kadi bila kuinua uso. Hakuna aliyegeuka kumtazama yule mama mwenye vumbi la majalada mikononi, naye akarudi ndani.

Jumapili moja shemeji alibisha mlangoni, akiwa na magongo yake.

"Shemeji, nimekuja kunywa chai."

"Dada je?"

"Bado. Mpe muda." Alikaa kwa tabu. "Nasikia ulinitaja huko bungeni. Ulisema fundi viatu?"

"Nilisema."

"Ungesema fundi hodari."

Wakacheka mpaka chai ikapoa. Mama Muhuri alimsindikiza hadi barabarani, taratibu, kwa mwendo wa magongo. Aliporudi ndani alimwandikia dada yake ujumbe wa simu, kama alivyokwisha kuandika mara nyingi, ila safari hii hakuufuta, aliutuma. Dada hakujibu wiki hiyo, wala iliyofuata.