Kumnyanyua Mama Mkwe

Mwaka ule akida alituamuru watu wa milimani tuteremke kwa zamu kuchuma pamba ya Mdachi, wanaume kwa wanawake. Kijiji chetu juu ya Matombo kikabaki na wagonjwa na watoto. Mimi nilikuwa sijashuka. Mke wangu alikuwa ameteleza kwenye njia ya mtoni akavunjika mkono, na mama yake alikuwa kitandani, amepooza upande mmoja.

Mama mkwe alikuwa mnene. Chini ya matiti na kwenye mkunjo wa tumbo, ngozi ilikuwa imegandana kwa jasho hadi ikachubuka, ikawa inatoa maji na harufu. Mke wangu alipaka mafuta ya mbarika, lakini palizidi kulowa. Asubuhi moja mama akapandwa na homa.

"Lazima tumsafishe, tumkaushe," mke wangu aliniambia uani. "Mkono mmoja hauniwezeshi. Njoo umnyanyue."

Nilirudi nyuma hatua moja. Kwetu mtu hamtazami mama mkwe wake usoni, seuze mwilini.

Mama alitusikia kutoka ndani. "Mwambie mumeo asivuke kizingiti. Afadhali nife."

"Utakufa kweli, mama!" mke wangu alijibu, akaangua kilio.

Nikajifunga macho kwa kitambaa, nikaingia nikipapasa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alisema kwa shida, mwili wote ukikakamaa.

Nilimwinua mabega, nikamwegemeza kifuani pangu. Nikamsikia mke wangu akikamua kitambaa katika maji yaliyochemshwa yakapoa. Hakusugua, aligusa tu, kisha akafuta kwa kugusagusa na kitambaa kikavu. Mama aliuma meno.

Ghafla sauti ya mnyapara wa akida ikasikika kutoka nje. "Wewe! Zamu yako imefika! Toka!"

Kumwachia sikuweza.

"Amenishika mimi!" mama mkwe akapaza sauti. "Niko uchi! Ingia basi umtoe!"

Mnyapara hakuingia. Alitukana, akaapa kwamba fimbo zangu zipo, akaondoka. Mke wangu akaweka vipande vya kaniki kuukuu, laini, katikati ya mikunjo, ngozi isigusane.

Tulifanya hivyo asubuhi na jioni, tukibadilisha vipande kila vilipolowa, mafuta tukayaacha kabisa. Jirani yetu wa kike aliporudi kutoka shamba la pamba alishika nafasi yangu, nami nikateremka. Nilichapwa mbele ya watu.

Niliporudi, mgongo ukiniwaka, mke wangu aliniambia homa imekwisha na ngozi imekauka. Mama alikuwa ameomba ndizi za kuchoma.