Bogenvilia za Mama Mkwe

Jirani yangu tulimwita Dobi kwa sababu kutwa nzima alikuwa akipiga pasi mashuka ya hoteli. Alinyoosha mashuka ya kulalia watu wengine, yeye usingizi akiuiba. Nyumbani alingojwa na mama mkwe wake, aliyepooza upande mmoja, na bogenvilia za mama mkwe, zilizojaa kibarazani kwenye vyungu vya udongo. Mume alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu: akija anakula, anakoroma, anaondoka.

Bibi yule maua aliyajua, hilo simnyimi. Kwenye kiti chake cha magurudumu aliamuru kwa mkono wake mmoja mzima: kata tawi hili, geuza chungu kile kipate jua. Na maua yasipewe maji mpaka majani yalegee.

"Bogenvilia ukiidekeza inajaza majani matupu," alisema. "Ibane, ndipo itoe maua."

Dobi alikata na kugeuza, miiba ikimchana mikono. Kisha anamgeuza bibi mwenyewe, anamwogesha, anamlisha, anafua. Mimi nachungulia dirishani na kusonya. Wanasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini kile, hata mimi jirani nilikuwa nawaona kunguni wakitembea.

Alikuwa na ombi moja tu: siku chache kwa mama yake mzazi, akalale. Si kutembea wala kustarehe, kulala. Begi lake lilikaa nyuma ya mlango tangu mvua zilizopita. Kila akiligusa, bibi anauliza, "Na maua yangu unamwachia nani, mwanangu?" Maua! Nilitamani kuyang'oa.

Jumamosi moja akaja wifi yake, binti wa bibi, ananukia vizuri, mkoba begani. Nami nilikuwepo, nimekuja kurudisha chujio lao. Kibaraza kizima kilikuwa chekundu.

"Mama, mkono wako haujafa!" akashangilia. "Tazama maua yalivyochanua!"

Dobi alipita nyuma yake na beseni la uchafu wa mama huyo huyo. Akalimwaga, akalisuuza, akarudi kuketi kwenye ngazi.

Bibi akaonyesha chungu cha mwisho. "Mkwe wangu, ile majani yamelegea. Ipe maji."

Dobi hakuinuka. "Na mimi pia, mama," akasema taratibu, bila hasira hata chembe. "Nimelegea."

Wifi akacheka, akidhani ni utani. Bibi hakucheka. Alimtazama mkwewe kuanzia nywele mpaka visigino vilivyopasuka, kama alivyozoea kukagua vyungu vyake. Aibu ilimpanda usoni, niliiona.

"Vua hivyo viatu," akamwambia binti yake. "Mwenzio anaenda kwa mama yake. Wewe utabaki na mimi."

"Mama, lakini mimi kesho nina..."

"Beseni liko uani."

Wifi alihangaika kumwinua mama yake, na maji ya kuogea akajimwagia miguuni mwenyewe. Nilimsaidia huku nikicheka moyoni, Mungu anisamehe. Tulipomaliza kumrudisha bibi kibarazani, nikaenda kumwambia Dobi asije akachelewa basi.

Alikuwa nyuma ya mlango, ameketi juu ya begi, viatu miguuni, kichwa ukutani, amelala fofofo. Nikanyoosha mkono nimwamshe.

"Mwache," bibi akanong'ona. "Basi hata kesho lipo."

Akaomba asogezwe karibu. Akaushika mlango kwa mkono wake mzima, upepo usije ukaubamiza.