Mpelelezi Kobe na Mpiga Picha

Pale kituoni walimwita Kobe, kwa kuwa hakuwahi kumkimbiza mtu na bado aliwafikia wote. Alikuwa na miaka ishirini na sita kazini na tisa ya ugane, akiishi na bintiye mwalimu katika nyumba ambayo maneno yalihesabika.

Mwaka huo leseni bandia za udereva zilizuka mjini kama uyoga. Tetesi zikaelekea kwenye studio moja ndogo ya picha, kati ya duka la viatu na kinyozi. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa sauti. Kobe akaingia kama mteja yeyote, akaomba picha nne za pasipoti.

Mwanamke alimkalisha kwenye stuli, akarudi nyuma, akamtazama kwa jicho moja. Kisha akamsogelea, akamwinua kidevu kwa vidole viwili.

"Hapo hapo. Usicheke, lakini usinune pia. Nani kakuudhi?"

Kwa miaka tisa hakuna aliyemgusa uso isipokuwa kinyozi. Kobe aliyekwenda kupeleleza alitoka bila kukumbuka hata kama chumba kilikuwa na mlango wa nyuma.

Wiki iliyofuata alirudi, akijiambia ni kazi. Akarudi tena. Mara picha zimepotea, mara kwenye picha ametoka amefumba macho. Mwanamke akawa anamwekea kiti karibu na feni na kumsimulia habari za marehemu baba yake aliyemrithisha kamera, na za mdogo wake wa kike aliye chuoni. Kobe alisikiliza mpaka koo likamkauka, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akisema.

Bintiye alikuta picha kumi na sita kwenye mfuko wa shati la kufuliwa.

"Baba, unahamia nchi ngapi?"

Kobe alicheka tu. Kesho yake ofisini aliitoa picha moja, atazame tu jinsi uso wake ulivyotulia mbele ya yule mama. Ndipo alipoliona doa kwenye kitambaa cha buluu kilichotundikwa nyuma yake, karibu na sikio, doa dogo mfano wa jani. Akafungua faili la leseni bandia zilizokamatwa. Leseni ya kwanza, doa. Ya pili, doa. Zote saba.

Alikaa hapo mpaka chai yake ikafanya utando. Angeweza kumwachia mwenzake kesi, lakini aliona huko ni kumpiga mtu kwa mkono wa kuazima. Akaenda mwenyewe, akazipanga picha mezani. Mwanamke hakubisha. Alimtaja mtu aliyemletea wateja baada ya saa za kazi, akakiri kwamba alijua picha zinakwenda wapi.

"Na wewe nilikujua siku ya kwanza," akasema. "Viatu vyako vya kiaskari."

"Mbona ulinipokea?"

"Mbona ulirudi?"

Kobe alimngoja afunge madirisha, kisha wakaenda kituoni kwa miguu, bila pingu. Mahakamani alitoa ushahidi bila kupunguza wala kuongeza. Yule mtu wa wateja akafungwa miaka mitano, mwanamke miezi kumi na minane.

Siku ya kutembelea wafungwa, askari wa gereza alimuuliza Kobe yeye ni nani wake. Si mume, si kaka, si shemeji.

"Jirani," akasema.

Mwanamke aliletwa akiwa ameambiwa kwamba jirani yake amekuja. "Kumbe nina jirani," akasema, akavuta kiti.

Alikwenda kila mwezi. Walizungumza juu ya mvua, mdogo mtu na mitihani yake, kila kitu isipokuwa kile kilichokuwa kati yao. Siku ya kutoka, mdogo mtu alikuwa akingoja na teksi. Mwanamke alimpa Kobe mkono, akauacha hapo muda mrefu kuliko salamu inavyotaka.

"Nikikuona wewe, naiona mahakama," akasema. "Niache kwanza nisahau."

Hakusema anakwenda wapi. Bintiye Kobe, ambaye alielewa yote bila kuambiwa, alimuuliza kama hatamtafuta, naye kutafuta watu ndiyo kazi yake.

"Hajapotea," Kobe akajibu. "Ameondoka."

Ila tangu hapo, namba ngeni ikipiga, huipokea kabla simu haijaita mara ya pili.